Bafta ya Chini ya Kasha

Ijumaa, mwezi wa Shaabani, 1971.

Mvua ya vuli imenyesha asubuhi, ikakatika kabla ya Adhuhuri. Sasa ni baada ya Alasiri, jua limetoka na bati la jirani linafuka mvuke. Nguo nilizoanika zimerowa mara mbili na nimezianika mara ya tatu. Siku nyingine ningegomba na mbingu. Leo sina ugomvi na mtu wala wingu.

Daftari langu, nimekutupa tangu Jumanne. Jumatano sikuandika kwa hofu, jana sikuandika kwa aibu. Leo nimekaa sakafuni chumbani kwa Bi Mize, mgongo nimeuegemeza kwenye kasha lake, na mwenyewe amelala kitandani anakoroma kidogo kidogo. Acha nianze na ile aibu, tuimalize mapema.

Sanda ya mama mkwe wangu niliikata nikashona kofia.

Basi, nimeandika. Kalamu haikuvunjika.

Bi Mize ni mamake mume wangu, Makame. Tunakaa naye hapa Mkunazini, vyumba viwili ghorofani, kimoja chetu na kimoja chake. Chake ndicho kizuri, kwa sababu kina dirisha linalotazama uchochoro, na kwa sababu kina kasha. Kasha lenyewe ni la misumari ya shaba, la marehemu mamake, lina vijiguu vifupi vinne. Ndani yake na kando yake Bi Mize ameweka dunia nzima. Sabuni za mche zilizokauka mpaka zinalia ukizigonga. Vibiriti. Ndimu za chumvi kwenye mtungi. Mkate wa boflo uliokatwa vipande na kukaushwa juani. Nyuzi, vifungo, vitambaa, na utambi wa taa ambayo ilishavunjika zamani.

Nilipoingia nyumba hii nikiwa biarusi nilimcheka. Si mbele yake, sina ubavu huo, lakini nilimcheka. Mimi nimetoka kwa watu wanaokula leo. Marehemu baba yangu alikuwa akisema riziki ya kesho iko kwa Mola, na akishasema hivyo anakwenda kununua pweza. Nikaolewa na mwanamume wa namna ile ile. Makame ni fundi seremala, mkono wake hauna mfano, lakini kitu kikiingia mfukoni mwake kinatoka hakijakaa. Ukimwona Ijumaa utadhani ni mtoto wa tajiri.

Bi Mize alikuwa akitutazama, anatikisa kichwa, anasema, "Akiba haiozi."

Nami moyoni najibu: haiozi, lakini inanuka.

Sikujua kwamba neno hilo la kunuka litakuja kunirudia.

Jambo moja katika akiba zake sikulicheka hata siku moja, na hilo ni sanda. Kama wazee wengi wa hapa, Bi Mize amejiwekea bafta yake, ile nguo nyeupe, na kafuri, na pamba, na chupa ya marashi ya mawaridi, ili siku yake ikifika watu wasihangaike. Kila Shaabani, kabla ya kuingia Ramadhani, huitoa akaianika dirishani. Lakini hufunga mlango. Hataki sisi tuione, anasema vijana wana mioyo laini. Kwa hiyo nilijua kwamba ipo, ila sikujua imekaa wapi. Nilidhani imo katika sanduku la bati lililo juu ya kabati, kwa sababu sanduku hilo alilikataza lisiguswe.

Dhana zangu mimi! Zingekuwa biashara ningefilisika zamani.

Mwisho wa masika Makame alianguka. Alikuwa akitengeneza roshani ya watu kule Shangani, ubao wa jukwaa ukakatika, akaja chini na msumeno mkononi. Msumeno haukumgusa, alhamdulillahi. Mguu ukavunjika muundi. Wakamleta juu ya mlango, wanaume wanne, na mlango wenyewe alikuwa ameuchonga yeye.

Fundi asiyesimama halipwi. Nililijua hilo siku zote, kama ninavyojua kwamba bahari ni ya chumvi, na sikuwahi kulifikiria. Usiku ule nilifungua kopo letu la akiba, mimi na Makame, miaka saba ya ndoa. Nilikuta vifungo viwili vya shati na ufunguo ambao sote hatujui ni wa wapi.

Asubuhi yake Bi Mize alinikuta jikoni nalia. Nilikuwa na mafua makali pia, kwa hiyo machozi na makamasi yote pamoja, sura haitazamiki.

"Wacha kulia, mwanangu," akanambia. "Kilio hakipikiki. Kofia nshakufundisha kushona. Bafta ya kushonea ipo, nliiweka tangu macho yaliponikataa. Iko chini ya kasha. Itoe ukae kazini."

Yeye alikuwa mshona kofia hodari, mtu akivaa ya kwake watu walijua ni ya kwake kwa ule udogo wa vitobo. Mimi alinifundisha, nikajifunza nusu nusu, kwa sababu niliona kazi ya kutoboa vitobo na kuvizungushia uzi mmoja mmoja ni kazi ya mtu asiyekuwa na la kufanya. Siku ile nilikuwa nimepata la kufanya.

Nikafungua kasha. Nikatoa vya juu, nikatoa vya kati, nikafika chini kabisa. Nikakuta bafta, nyeupe, nyingi, imefungwa kwa kanga kuukuu. Pembeni yake kopo dogo limefungwa, sikulifungua. Pua zangu zilikuwa zimeziba kama zimetiwa gundi. Nikashukuru, nikaibeba, nikaifua nzima nikaitia wanga, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha, bafta huanza kwa kufuliwa.

Nusu ya bafta nilimpelekea Bwana Sefu, muuza nguo na kofia wa Darajani, naye akanipa mchele, sukari na uzi wa kutosha. Bafta ilikwisha kuwa adimu, alinipokea kama nimempelekea dhahabu. Nusu nyingine nikaanza kukata.

Nimeshona kofia saba kwa mkono wangu. Bi Mize alikaa nami kila siku pale dirishani. Macho yake yana ukungu, haoni kitobo, lakini akipitisha kidole gumba anakisoma. "Hapa umekimbia," ananambia. "Fumua." Nilifumua mpaka vidole vikaota sugu. Ya kwanza hata kufumua hakukuisaidia, upande mmoja ulikwenda juu na mwingine ukabaki chini, Bwana Sefu akaigeuza geuza akanirudishia kwa adabu. Makame akaichukua. Alisema yeye ana kichwa cha upande, itamfaa. Zile sita zilitoka, tena ya sita niliulizwa kama nina nyingine, maana watu wameanza kujiandaa na Ramadhani na Idi.

Kofia hizo na ile nusu ya bafta zilitulisha. Zilimlipa mzee aliyemuunga Makame mguu. Sikukopa kwa jirani hata kibaba. Jioni nikimpelekea Makame sahani yake nilikuwa nasikia fahari, nikajisema, Asha, na wewe umekuwa mtu wa kutegemewa.

Wiki tatu zilizopita nikarudisha ile kanga kuukuu kashani.

Mafua yalikuwa yamekwisha zamani. Nilipoikunja ikanipita puani, na nikabaki nimeishika. Kafuri. Nikalifungua lile kopo dogo: kafuri, na pamba. Na chupa ya marashi, ambayo siku ile niliisogeza kando kama kitu cha kawaida.

Nilikaa chini pale pale. Hakuna asiyejua vitu vitatu hivyo vikikaa pamoja ni vya safari gani.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilizunguka maduka yote ya Darajani na Mchangani nikiuliza bafta, nikajibiwa neno moja, hakuna. Bwana Sefu alikuwa amekwisha kuuza yangu. Yadi chache zilizonibakia hazikutosha hata nusu ya vipande vitano anavyovikwa mwanamke. Na Bi Mize ana kifua. Kila akikohoa nilikuwa nasimama na kusikiliza, na kila akimaliza kukohoa narudi kukaa. Sikuwa nikimwombea afya kwa mapenzi tu, Mungu anisamehe. Nilikuwa namwombea asife kabla sijapata bafta.

Makame sikumwambia. Mwanamume aliyelala miezi mitatu akilishwa na mke wake tayari ana mzigo, nikimwambia alikuwa akilishwa kwa sanda ya mamake ningemvunja na ule mguu mwingine.

Halafu Shaabani ikaandama.

Jumatano Bi Mize akaniita. Nikaitika naam, nikaenda. Akanambia, "Asha, kesho kutwa tuianike ile amana yangu. Mwaka huu unisaidie, magoti hayanifuati tena. Wewe si mwari tena, huogopi."

Miaka yote alifunga mlango, na mwaka huu ndio ananifungulia.

Nikamwambia. Nilimwambia nimesimama, mikono nyuma, kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu. Nilimwambia yote, mafua, kanga, Bwana Sefu, kofia. Nilitaraji apige kelele. Nilitaraji alie, ambalo lingekuwa baya zaidi. Alinitazama na yale macho yenye ukungu, akasema, "Toka. Nna Alasiri ya kuswali."

Basi.

Siku mbili hizo. Nikimwamkia shikamoo anajibu marahaba, na baada ya marahaba hakuna neno. Chakula changu hakukigusa. Alikula boflo lake kavu, akalichovya kwenye chai, na ndimu ya chumvi pembeni. Hata kunisusia alikuwa na akiba ya kunisusia! Nilitaka kucheka na nikalia, nikajifungia jikoni na moshi nikausingizia.

Kilichoniuma si ule ukimya. Kilichoniuma ni kwamba mtu huyu hakuitaka dunia impe kitu. Hakutaka dhahabu, hakutaka nyumba. Alitaka siku moja tu, ile ya mwisho, asiwe mzigo kwa mtu. Na kwa siku hiyo moja alijinyima bafta mpya miaka na miaka, yeye mshona kofia, bafta imo ndani na haikati. Mimi nikaikata kwa asubuhi moja.

Leo mchana nilikuwa namsafishia chumba. Makame alikuwa amekwenda kuswali Ijumaa, mara yake ya kwanza tangu aanguke, kwa gongo, na jirani amemshika bega. Nilikuwa nafagia nikajifanya sipo. Watu wakaanza kurudi kutoka msikitini, uchochoro ukajaa. Kutoka dirisha lile huoni nyuso za watu, unaona vichwa tu. Leo zilikuwa kofia tupu, zinapita chini yetu moja baada ya moja.

Bi Mize alikuwa amekaa dirishani, shavu mkononi. Bila ya kugeuka akasema, "Asha. Ipi ni mie?"

Sikumfahamu. Nikauliza, "Nini, mama?"

"Katika hizo. Sanda yangu iko kichwani kwa nani?"

Nilikaribia dirishani. Nikatazama. Kazi yako unaijua hata kwa mbali, kama unavyojua mtoto wako katika watoto. Nikaonyesha moja, ya maua manane, juu ya kichwa cha mtu mnene anayekwenda polepole. Nikasema ile pale, mama, ile ya tatu niliyoshona.

Akakaza macho. Sidhani kama aliona kitu. "Anatembea vizuri?"

"Anatembea vizuri."

"Ametoka kuswali?"

"Ametoka kuswali."

Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nami nikadhani analia, nikamshika. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamletea maji, akanywa, akacheka tena.

"Yarabi toba," akasema. "Maiti huswaliwa mara moja akazikwa. Mie nnapelekwa msikitini kila Ijumaa, nami hata kufa sijafa!"

Nikamwangukia miguuni. Sikupanga, miguu yenyewe ilikunjika. Akaniwekea mkono kichwani, na mkono wake ulikuwa mwepesi sana.

"Nlikasirika," akanambia. "Nlikasirika kweli, usidhani sikukasirika. Jana usiku nkajiuliza, hii sanda nliiweka ya nini? Nliiweka siku yangu isije ikakutieni mashakani. Basi mashaka yamekuja kabla yangu, nayo imekutoeni. Kazi yake imeifanya. Mie nimekasirikia nini?"

Alhamdulillahi ilinijaa kifuani, haikutoka mdomoni.

Kisha, kwa kuwa yeye ni Bi Mize, akaharibu utamu.

"Lakini nataka nifahamu kitu kimoja. Nlikwambia chukua bafta ya kushonea. Mbona hukuichukua?"

Nikamwambia, mama, ndiyo niliyoichukua. Ulinambia iko chini ya kasha. Nikatoa vitu vyote nikafika chini.

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi anayesoma gazeti.

"Nlikwambia chini ya kasha, Asha. Chini. Ya kasha."

Tukatazamana.

Nikalala sakafuni kifudifudi, shavu kwenye saruji, nikachungulia baina ya vile vijiguu vinne. Giza, vumbi, kandambili moja iliyopotea tangu mwezi wa Mfunguo Tatu. Na nyuma kabisa, ukutani, furushi la gunia limefungwa kwa kamba ya usumba wa nazi. Nikalivuta kwa ufagio. Nikalifungua. Bafta. Nyeupe, kavu, haijaguswa na panya wala mende, jora karibu zima. Ilikuwa hapo siku zote. Wiki tatu nilizozunguka Darajani nikiomba bafta, nilikuwa nikirudi nyumbani nakaa juu ya kasha nalia, na bafta iko chini yangu.

Ndugu zangu wanaosema Kiswahili ni chetu, tumezaliwa nacho, waje waniulize mimi.

Bi Mize aliipapasa kwa kidole gumba, akainusa. Akaridhika. Halafu akanitazama mimi, na vumbi lililonijaa usoni, na mtandio uliojaa utando wa buibui, akakunja uso.

"Kumbe na kufagia hufagii!"

Miezi yote ile ufagio wangu ulikuwa ukiishia pale unapofika bila ya mimi kuinama. Kama ningekuwa mfagiaji mzuri nisingekuwa mwizi wa sanda. Nilimwambia hivyo, na alicheka tena, na mimi nikacheka, tumekaa sakafuni sote wawili na bafta mapajani kama wanawake wanaojiandaa na harusi.

Wakati ule tukasikia gongo uchochoroni. Gongo, mguu, gongo, mguu. Nikasimama dirishani. Watu wote walikuwa wameshapita, alibakia yeye na jirani yake, wanakuja polepole, na kichwani amevaa ile kofia yangu ya kwanza, ile ya upande. Ameiinamisha kidogo, ili ule upande uonekane ni wa makusudi.

"Nani huyo?" akauliza Bi Mize.

"Makame."

"Amevaa nini?"

Nilichelewa kujibu. Alifahamu katika kuchelewa kwangu.

"Na yeye?"

"Na yeye, mama. Ile ya kwanza. Bwana Sefu aliikataa."

Alisimama, yeye ambaye magoti hayamfuati, akashika kizingiti cha dirisha akainama. Safari hii nadhani aliona. Mwanawe alikuwa chini yetu kabisa, anahema, anapumzisha gongo ukutani kabla ya ngazi. Bi Mize alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akanambia kwa sauti ya chini, ili isiteremke, "Usimwambie kitu. Lakini siku yangu ikifika, mwambie aivae hiyo."

Nikasema, "Inshaallah, mama."

"Na uitie wanga, isije ikamlegea mbele za watu."

Makame alipanda, akatukuta tumesimama tunamtazama kichwa. Akauliza kuna nini. Bi Mize akamwambia kofia imemkaa. Akafurahi, masikini, akajishika upande ule uliokwenda juu.

Tukamlisha. Bi Mize alikula wali wangu, akarudia, na akasema chumvi imezidi. Sijapata kusikia neno tamu kama hilo.

Baada ya hapo tulifunga mlango, mimi na yeye, na kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa ndani. Tukapima bafta kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kwa sababu alisema ndiye atakayeivaa. Tukaikunja. Nikaitia katika ile kanga kuukuu, nikarudisha kafuri na pamba na marashi mahali pake. Kisha nikachukua uzi mwekundu nikashona alama kubwa pembeni mwa kanga, ya kuonekana hata na mwenye mafua. Akauliza ninafanya nini. Nikamwambia ninajikinga na mimi mwenyewe.

Bafta ikabakia, si haba. Nilidhani ataniambia niweke yangu ya sanda, na nilikuwa tayari, na kidogo niliogopa. Akanisukumia. "Wewe bado," akasema. "Weka ya kushonea kwanza. Mtu huandaa kuishi, kisha ndio akaandaa kufa. Unajua pa kuiweka?"

Nikamwambia najua.

"Wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, sikuthubutu kutumia maneno.

Sasa amelala. Bafta yangu iko chini ya kasha, ndani ya gunia, na sakafu ya chini ya kasha haijapata kuwa safi hivi tangu nyumba ijengwe. Kesho nitaanza kofia ya nane. Lile kopo letu, mimi na Makame, nimelimwaga vifungo na ule ufunguo, nimelisugua kwa majivu, nimeliweka mahali ambapo Makame atalipita kila anapotoka na kila anapoingia. Nitaanza na kitu kidogo kila wiki, hata kama ni kitu cha kuchekwa. Nilikuwa nadhani akiba ni woga, ni kutomwamini Mola na kesho yake. Bi Mize anamwamini Mola kuliko sisi sote, na ameficha vibiriti.

Namshukuru Mungu kwa mguu ulioungika. Namshukuru kwa mafua, naam, hata mafua, maana bila ya yale ningechukua bafta sahihi na nisingemjua mama mkwe wangu ni mtu gani.

Makame ameingia sasa hivi kunitafuta. Amevua kofia anataka kuitupa juu ya kasha kama kawaida yake. Nimeinuka haraka nikaipokea, nikaitundika msumarini, mbali na moshi wa jiko. Nimemwambia kuanzia leo ni ya Ijumaa tu, siku nyingine nitamshonea nyingine.

Ameshangaa. Kofia yenyewe ya upande, anasema, Bwana Sefu kaikataa, naiwekea nini?

Nimemwambia naiweka akiba.